Mlango wa Pili wa Tela: Safari Yangu Kutoka Ujiji Hadi Kambi ya Mawese

Nilitoka Ujiji kwa sababu ya simu ya mwanangu Saida. Alinipigia jioni, anaongea haraka haraka kwa furaha, akaniambia mumewe Hassani amepata kazi ya mashine ya kukamua mawese msimu huu, na kwamba wamepewa na tela la kuishi. "Tela zuri, mama. Bati kila upande, mvua haiingii hata tone." Nikamuuliza tela la nani. Akarudia habari ya bati. Nikamuuliza tena.

"La Mashaka," akasema.

Nikakaa chini pale pale jikoni.

Kwa msiojua kazi hii, mawese ya kwetu Kigoma hayakamuliwi sehemu moja. Chikichi zikiiva kijiji hiki, mashine inakwenda kijiji hiki. Zikiisha, trekta inavuta tela mpaka kijiji kingine. Wenye kukamua wanalifuata tela na wake zao, watoto wao, sufuria na mikeka yao, na msimu mzima wanalala humo humo ndani. Tela ndiyo nyumba. Mimi nimeishi hivyo miaka mingi, na mkono wangu wa kushoto, huu usiokunjuka, niliupata humo.

Niseme ilivyokuwa, maana ndiyo sababu ya safari. Tela letu lilikuwa la Mashaka huyu huyu. Lilikuwa na madirisha mawili. Mashaka akasema wezi wanapitisha mpira dirishani na kunyonya mawese yake kwenye mapipa, akamwita fundi Elia wa Mwandiga, akayaziba yote mawili kwa bati na kuyachomelea. Ukabaki mlango mmoja wa nyuma, wenye komeo kwa nje. Mimi na mume wangu tulilala karibu na mlango. Katikati pazia. Nyuma ya pazia, ndani kabisa, alilala baba mkwe wangu, Mzee Ramadhani, pamoja na Saida ambaye alikuwa mdogo, bado anang'oka meno. Chini ya tela tulikuwa tunarundika makapi ya chikichi yasilowe, kwa sababu makapi ndiyo kuni zetu. Yamejaa mafuta, yanawaka kama umeyamwagia mafuta ya taa.

Alfajiri moja mume wangu yuko nje anachochea pipa la kuchemshia chikichi. Dereva wa trekta, anaitwa Gervas, akawa anajaza petroli kwenye injini ya mashine, sigara mdomoni. Alikuwa anafanya hivyo kila siku, na kila siku tulimwambia. Petroli ikamwagika, ikashika, ikakimbilia kwenye makapi. Moto ukatujia kutoka chini ya kitanda.

Mzee Ramadhani akamsukuma Saida chini ya pazia, nikamdaka, nikamrushia baba yake nje. Kisha nikamsikia mzee. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anauliza, kwa ile sauti ya heshima anayotumia mtu kwa mke wa mwanawe: "Mukamwana, umejisitiri? Nipite?"

Nikajibu, "Pita, baba! Pita!" Hakusikia, moto ulikuwa unanguruma. Akauliza mara ya pili. Nikarudi na mkono huu nikalivuta pazia, likanishikia mwilini. Mara ya tatu hakuuliza.

Mashaka alikuja msibani na gunia la unga na sanda, akasema ajali ni kazi ya Mungu. Gervas alihamia upande wa Uvinza. Fundi Elia bado yupo Mwandiga anachomelea. Mume wangu aliishi na hasira ile mpaka naye akafariki. Kuna watu wananiambia si vizuri kutaja majina. Mimi nawaambia kisicho kizuri ni kuungua.

Asubuhi nikaondoka Ujiji. Nilibeba kanga mbili, dawa ya mkono, ndoo ya bati yenye mfuniko, na nia moja. Sikuwa nakwenda kumzuia Hassani kufanya kazi. Kazi nyingine hana, na mimi sina ya kumpa. Nilikuwa nakwenda kuhakikisha kwamba watu wote watakaolala kwenye tela lile wanaweza kutoka, hata mmoja asibaki. Saida aliniambia mkwe wake, mama yake Hassani, yupo nao, na analala ndani na wajukuu. "Nyuma ya pazia," alisema, kama jambo la kawaida. Na ni la kawaida. Hapo ndipo penye ubaya wake.

Mwandiga nilifika jua halijawa kali. Nilipitia pale kwa makusudi. Karakana ya fundi Elia iko pembeni ya barabara, mageti mapya yameegemezwa ukutani. Alikuwa amevaa miwani ya kuchomelea juu ya kipara. Aliponiona alinitambua, akataka kuingia ndani.

"Usikimbie, fundi," nikamwambia. "Leo nimekuja kama mteja."

"Karibu, mama. Nani amekimbia? Nilikuwa nafuata kigoda."

"Tela jipya la Mashaka ni wewe umelitengeneza?"

Akajikuna shingo. "Ni mimi."

"Madirisha?"

"Mama, mimi nachomelea ninachoambiwa. Mtu akiniambia weka dirisha naweka. Akiniambia ziba naziba. Tela si langu."

"Na geti la kwako mwenyewe pale nyumbani, nalo unaweka komeo kwa nje, ulale ndani?"

Kijana wa duka la jirani akacheka kwa sauti. Fundi hakucheka. Nikamwambia nahitaji bawaba mbili, komeo la ndani na msumeno wa chuma wa mkono. Akaniuliza wa nini msumeno wa mkono, si achukue mashine ya kukatia aje mwenyewe, kazi ya dakika chache. Nikamuuliza kama anajua tela la mawese linanuka nini. Ile mashine inatoa cheche kama fataki. Akaangalia chini. Alinipa msumeno wake wa zamani na nyembe za akiba, akafunga bawaba kwenye gazeti, akakataa kulipwa. Sikumshukuru. Nilimwambia tu, "Huu ni mwanzo, fundi," nikaenda zangu.

Kutoka Mwandiga nilipata lifti kwenye Fuso linalokwenda njia ya Simbo na Ilagala kuchukua mawese. Nilikaa mbele na dereva. Nyuma mapipa matupu yanagongana kama ngoma za harusi. Dereva alikuwa mcheshi, mtu wa Kasulu, akawa ananitania kwamba mama mzima unasafiri na msumeno, unakwenda kumkata nani.

"Tela la watu," nikamwambia.

"Wenyewe wanajua?"

"Watajua nikifika."

Akacheka mpaka akakosa gia. Halafu akauona mkono wangu, akaacha kucheka. Kisha akaniambia kitu ambacho mimi sikukijua. Mapipa yaliyojaa hupangwa nyuma mlangoni, akasema, ili sokoni yashuke kwanza, watu wasisumbuke. "Wenye tela wote wanapanga hivyo. Mzigo mlangoni, familia ndani." Alisema kama anasifia mpangilio.  Wakati wetu mapipa yalikaa ukutani, chini ya madirisha, mlango uko wazi. Sasa soko lina haraka, kwa hiyo mawese yamepewa mlango na watu wamepewa ukuta.

Njiani michikichi imesimama pande zote mbili, na penye mteremko unaliona ziwa, bluu, limetulia, na milima ya Kongo ng'ambo kama moshi. Ni nchi nzuri. Hasira yangu haijawahi kuninyima kuona hilo.

Kambini nilifika alasiri. Iko karibu na ufukwe, kabla ya Ilagala, unasikia harufu mbili kwa pamoja, dagaa wanaoanikwa na chikichi zinazochemka. Tela lilikuwa linang'aa kweli. Bati jipya, halina dirisha, na mlango wa nyuma una komeo kubwa kwa nje. Chini yake, kama nilivyojua nitakuta, makapi yamerundikwa mpaka yanagusa sakafu.

Saida akanipokea kwa kukimbia, mtoto mchanga mgongoni. Yule mkubwa, Mwanaidi, akanisalimia shikamoo kwa aibu. Hassani akasimama mbali, ametazama pembeni, kama inavyotakiwa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawaongei ovyo. Akasema, "Saida, mwambie mama karibu. Muulize kama safari ilikuwa nzuri." Na mimi nimesimama hapo hapo, hatua chache.

"Mwambie mume wako ilikuwa nzuri," nikasema.

Ndipo akatoka Bi Tatu, mama yake Hassani. Mwanamke mwembamba, sauti kubwa, kanga ameifunga kama anakwenda kupigana. "Mkwe wangu! Umekonda! Ujiji hakuna ugali?" Tukakumbatiana. Akauona msumeno. "Na hiki? Umekuja kutuchinja?"

Tulipokuwa tunakula, kwa kuwa mama wa Kiha hapindishi maneno, nikamwambia nilichokuja kufanya. Nikamweleza habari ya Mzee Ramadhani yote, mpaka ile sauti. Bi Tatu alisikiliza, ameacha kula. Nilipomaliza akanawa mikono polepole.

"Pole, mwenzangu. Kweli pole. Lakini alikuwa mtu mwenye adabu."

"Alikuwa na adabu na amekufa. Nakuuliza wewe. Moto ukiwaka, wao wamelala mlangoni, utapita?"

"Nipite wapi?"

"Kwenye kitanda chao."

Akashika kifua. "Mimi? Nikanyage kitanda cha mwanangu na mke wake? Mkwe, usinitukane na chakula bado kiko mbele yangu."

"Hata moto?"

"Moto ukija Mungu atanifundisha la kufanya."

Nikamwambia Mungu alishatufundisha, kilichobaki ni kusikia. Akanikazia macho. Usiku huo nililala nyumba ya jirani, maana mama mkwe halali alipolala mkwewe.

Kesho yake asubuhi nikaanza kazi. Shida ilikuwa hii: ndani ya tela sikuweza kuingia. Ni chumba cha kulala cha mkwe wangu. Basi nikasimama nje penye mlango, Saida akaingia, nikawa namuuliza kama daktari anayemtibu mtu kwa simu.

"Unaona nini kulia?"

"Mapipa, mama. Mawili."

"Yamejaa?"

"Yamejaa."

"Ukitoka na mtoto, unapita wapi?"

"Napita upande. Hivi, kiubavu."

"Na ukiwa umembeba mtoto, na kuna moshi, huoni kitu?"

 Kisha sauti ndogo: "Sijui, mama."

"Chini ya kitanda?"

"Dumu la petroli. Hassani anaogopa litaibiwa."

Nikageuka kumtafuta Hassani, alikuwa nyuma ya mashine. Nikasema kwa sauti, si kwake, kwa hewa tu: "Mwambieni mwenye petroli kwamba akiibiwa petroli atanunua nyingine."

Hassani akaja. Hakubishana. Akasema, "Saida, mwambie mama nimesikia." Akalitoa dumu, akalipeleka mbali, upande wa pili wa njia, akachimba, akalizika nusu kwenye mchanga, akalifunika. Hapo nikaanza kumpenda.

Mpaka adhuhuri tulikuwa tunayahamisha makapi. Wanawake wa kambi walikuja kutusaidia, wakilalamika kwamba mvua ikinyesha tutapikia nini. Tukayajengea kibanda cha makuti mbali na tela, wakaacha kulalamika. Mapipa tukayaviringisha mpaka nje, tukayaweka mahali ambapo mtu akikaa mlangoni anayaona. Ile ndoo yangu ya bati nikaijaza mchanga, na nyingine mbili, nikawaambia wasije wakamwaga maji kwenye mawese yanayowaka. Nilishaona mtu akifanya hivyo. Yaliruka kama nyoka, yakamfuata aliyemwaga. Mawese yanazimwa kwa mchanga au kwa kifuniko. Mwanaidi akauliza, "Bibi, na mtu akiwaka?" Nikamwambia alale chini ajiviringishe, tumfunike na kanga nzito. Akajiviringisha palepale kwenye vumbi mpaka mama yake akamfokea.

Kisha nikasema tufanye jaribio. Kila mtu alale anapolala. Hassani atagonga bati kama vile moto umewaka chini ya sakafu, na wote watoke wamefumba macho, wakitambaa, maana moshi unakaa juu. Kila mtoto ana mtu wake: mchanga wa Saida, Mwanaidi wa bibi yake. Wakitoka wakutane kwenye jiwe la kuanikia dagaa, wahesabiwe. Asirudi mtu. Hata kufuata kuku, hata simu.

Kambi nzima ikaja kutazama, kama sinema. Kuna waliokuwa wanatafuna miwa.

Hassani akagonga. Saida akatoka anatambaa na mtoto mchanga, kanga yake inaburuzika, watu wanashangilia. Mwanaidi akatoka. Akakimbilia kwenye jiwe, akaruka ruka.

Bi Tatu hakutoka.

Tukangoja. Watu wakaanza kucheka. Hassani akagonga tena, kwa nguvu. Mtu mmoja akapiga kelele, "Bibi ameungua, wekeni chai ya msiba!" Wakacheka zaidi. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimeshika mkono wangu huu, na nilikuwa nasikia kitu ambacho wao hawakisikii.

Kutoka ndani ikaja sauti ya Bi Tatu, nyembamba, ya heshima: "Hassani? Kitanda kimeshatandikwa? Naweza kupita?"

Kicheko kikaisha. Sijui niseme nini zaidi, kilikatika tu. Waliokuwa wanatafuna wakaacha.

Hassani alilivuta pazia mwenyewe, akamshika mama yake mkono akamtoa. Bi Tatu akasimama nje akiwa amekunja uso. Aliniangalia mimi, si mwanawe. "Nilijua ni mchezo," akasema. "Nilijua kabisa. Nikajiambia nenda, Tatu, pita. Miguu ikakataa." Akaangalia miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Ikakataa, mkwe."

Nilikuwa nimekuja na hotuba ya kuvunja adabu. Nilitaka niwaambie wavue heshima zao mlangoni kama viatu. Lakini pale nikaona kwamba Bi Tatu hatabadilika msimu huu, wala ujao. Mtu anayefundishwa jambo tangu anaachishwa ziwa hawezi kulitoa siku moja kwa kugongewa bati. Basi nikasema, "Kama miguu yako haipiti kwake, tutakupa njia isiyopita kwake. Mlango upande wako."

Hassani akaniangalia. Usoni. Akasema, "Mama, nipe msumeno." Aliniambia mimi mwenyewe, bila kupitia kwa Saida. Hakuna aliyeliona hilo ila sisi watatu, na Saida alishika mdomo.

Alasiri nzima alikata. Kwanza tuliosha bati kwa sabuni mpaka likaacha kuteleza, kisha akatoboa kwa tindo, akaingiza msumeno. Ulikuwa unalia vibaya sana. Nyembe zilikatika, akaweka nyingine. Vidole vyake vikatoka damu. Vijana wa kambi wakapokezana naye. Jua lilipoanza kushuka tulikuwa na mraba, upande wa ndani kabisa, pale Bi Tatu anapoweka kichwa, mkubwa wa kumtosha mtu mzima na mtoto. Tukakunja kingo zisikate mtu, tukapigilia bawaba za fundi Elia, na komeo ndani.

Asubuhi iliyofuata akaja Mashaka. Alikuja na pikipiki, kofia safi, saa mkononi. Alilizunguka tela mara moja, akasimama penye mlango mpya, akagusa ukingo kwa kidole.

"Nani amekata tela langu?"

Hassani akasema, "Mimi."

"Wewe. Tela langu. Bila kuniuliza."

"Nilijua utakataa."

"Umelijua hilo halafu ukakata?" Akageuka kwa watu. "Mnasikia? Hii ndiyo shukrani. Mtu unampa kazi, unampa nyumba, anaichana kama karatasi. Wezi watapita hapa wachukue kila kitu."

"Komeo liko ndani," nikasema. "Mwizi wa nje hafiki. Sema unaogopa wa ndani."

Ndipo akaniona. Nilimwona anatafuta jina langu kichwani, kisha akaliona kwenye mkono wangu.

"Mama," akasema, "yale yalikuwa ajali. Kazi ya Mungu. Tulisharidhiana."

"Sisi tuliridhiana na nani? Mungu hakuziba dirisha, Mashaka. Uliziba wewe. Mungu hakumwambia Gervas avute sigara. Ulimwona, ukamwacha, kwa sababu alikuwa hagombani na wewe kuhusu mshahara. Nilikuwa nangoja niyaseme haya kwako uso kwa uso, na ningekuja na Ujiji yote kama watu wangenisikiliza. Mzee Ramadhani alikufa kwenye bati lako."

 Mashaka akaangalia watu wake, wakamwangalia. Wakamuaji wengine walikuwa wameacha kuchochea. Aliona, nadhani, kwamba chikichi zinachemka zaidi ya kiasi na hakuna anayetingishika, na kwamba kama Hassani ataondoka na familia yake wengine watamfuata, na msimu hautamngoja. Akavaa kofia vizuri.

"Mkitaka mlango, sawa, mlango," akasema. "Lakini mwisho huo mmoja. Na mwizi akiingia, mtalipa."

"Na komeo la nje kwenye ule mwingine?" nikamuuliza.

"Nini tena?"

"Utoe. Sasa hivi, wewe mwenyewe."

Watu wakaguna. Mashaka akaangalia saa yake. Halafu, na sitasahau, akaenda kwenye pikipiki yake akatoa spana, akarudi, akafungua boliti za komeo la nje moja moja, akalitupa kwenye pikipiki yake kama mzoga wa panya. Hakuomba radhi. Hajaomba mpaka leo. Nilimtazama akienda na nikagundua kwamba sikuwa nikingoja radhi yake, nilikuwa nangoja komeo.

Mchana ule tukarudia jaribio. Safari hii Hassani hakugonga bati, aliniachia mimi. Nikaligonga kwa mkono wangu wa kulia kwa nguvu zote, na nikamsikia Mwanaidi anapiga kelele ndani, "Bibi, huku kwetu! Huku!" Kile kimlango kikafunguka. Kwanza ukatoka mguu mmoja mdogo, kisha Mwanaidi wote, akadondoka kwenye mchanga kama embe. Kisha ukatoka mkono wa Bi Tatu, ukashika ukingo, kisha kichwa chake, kilemba kimepinda, anatukana: "Mmetengeneza mlango wa sungura nyie! Nani amenishika kanga?" Hakuna aliyemshika, ilikwama kwenye bawaba. Akaivuta, ikachanika, akatoka na kipande chake, akakimbilia jiwe la dagaa, akaanza kuwahesabu wajukuu wake kwa sauti kana kwamba hakuna aliyewahi kuwahesabu kabla yake.

Kabla sijaondoka akanifuata njiani, peke yetu. Hakusema asante. Akanipa chupa ya mawese, nyekundu, safi, ya kwanza ya kukamuliwa, akasema niipake mkono usiku. Nikamwambia mkono huu haupendi mafuta ya aina hiyo. Akasema basi nipikie maharage.

Nilirudi kwa gari la abiria la asubuhi, kupitia Simbo na Mwandiga. Kwa fundi Elia nilisimama nikamrudishia msumeno bila nyembe hata moja iliyobaki. Akauliza ulifanya kazi gani. Nikamwambia umeondoa kosa lake moja, mengine yako kwenye matela yote yaliyobaki aliyoyaziba, na anayajua yaliko.  Juzi nimesikia kutoka kwa mtu wa Kidahwe kwamba fundi anapita huko na msumeno mpya, anakata madirisha bila kuitwa, na wenye matela wanamlaani. Sijui kama ni kweli. Natamani iwe kweli.

Ninyi mnaolifuata tela msimu huu, pamoja na wale wa kambi za dagaa wanaolala kwenye vibanda vya turubai huko Mwamgongo na Kagunga, naomba msisome haya kama hadithi ya mama mwenye uchungu. Uchungu ninao, lakini si ndio niliokuja nao barabarani. Nilichojifunza ni kwamba usimwambie mtu avunje heshima yake siku ya moto, hatavunja. Angalia nani analala ndani kabisa, na nani anaona aibu kumpita nani, kisha kata mlango upande wa mwenye aibu. Petroli na makapi viwe mbali, mapipa yasikae njiani, komeo liwe ndani. Fanyeni jaribio mchana, watu wacheke wakitaka. Anayechelewa kutoka kwenye mchezo ndiye mtakayemkosa.

Saida alinipigia jana kutoka kituo kipya, karibu kabisa na ziwa. Wameshafika, tela limepaki, chikichi zinaanza kuja. Nikamuuliza wamefanya jaribio. Akacheka. Akasema waliposhuka tu, kabla hata ya kutandika mikeka, Bi Tatu alifungua kimlango chake, akatoka nje, akakifunga, akakifungua tena, akaingia. Hakumwomba mtu ruhusa.